Doa la jicho au doa la mashine? Picha za otofluoresensi zinapokataa

Picha ya otofluoresensi ya retina, ambayo kliniki tunaiita FAF, ni picha ya kitu hafifu mno. Hakuna dawa inayodungwa. Unamulika jicho kwa mwanga wa bluu au wa kijani, unauzuia mwanga huohuo usirudi kwenye kamera, kisha unapokea ule mng'ao mdogo unaotolewa na lipofusini, yaani taka zinazojikusanya ndani ya seli za tabaka lenye rangi nyuma ya retina. Mng'ao huo ni dhaifu takriban mara mia ukilinganisha na ule wa fluoresini, dawa ya kung'aa inayodungwa mkononi, inapopita kwenye mishipa. Kwa hiyo chochote kilicho njiani, hata tone la chozi, kinaweza kuiharibu picha, na mara nyingi kinaiharibu kwa namna inayofanana na ugonjwa.

Picha isiyo na kasoro inajulikana. Diski ya neva, mahali neva ya jicho inapotokea, ni nyeusi, kwa sababu pale hakuna zile seli zenye lipofusini. Mishipa ni nyeusi, kwa sababu damu inameza mwanga. Sehemu nyingine ni kijivu kilichotulia. Katikati ya makula, sehemu ya retina tunayoitumia kusomea, giza linaingia polepole bila mpaka mkali, kwa kuwa rangi ya manjano ya hapo, luteini na zeazantini, inaifyonza bluu kabla haijafika chini. Picha yako ikitofautiana na hiyo, usikimbilie kuandika ugonjwa wala kumwita fundi. Anza na jaribio moja dogo.

Mwambie mgonjwa atazame juu kidogo, nawe ukodolee macho kioo cha kompyuta. Doa likibaki palepale huku mishipa ikihama, liko kwenye mashine. Likihama sambamba na mishipa, liko kwenye retina. Likihama, kisha likaendelea kuelea jicho lilipokwisha kusimama, liko kwenye ute wa ndani ya jicho. Kisha mwache mgonjwa atulie, usogeze kamera yenyewe kushoto na kulia: kivuli kinachobadilika mahali au umbo wakati jicho limetulia kinatoka mbele, kwenye konea au kwenye lenzi ya jicho. Jaribio lote ni la sekunde kumi. Nimeona watu wakibishana juu ya doa moja kwa nusu saa, na hakuna hata mmoja aliyemwambia mgonjwa atazame juu.

Picha yote ni giza

Wengi hapa hupandisha kipimo cha usikivu wa kamera mpaka mwisho, picha ikatoka na punjepunje kama televisheni ya zamani isiyoshika stesheni. Usikivu uwe wa mwisho. Anza na mboni.

Macho ya kahawia iliyokoza, ambayo ndiyo mengi tunayoyapokea, hufunguka taratibu kuliko macho ya rangi nyepesi, kwa kuwa rangi ya airisi, ile duara inayoizunguka mboni, huishika dawa ya kupanua mboni na kuiachia kidogokidogo. Tropikamaidi ya asilimia 1 inahitaji dakika 20 hadi 30, na kwa wenye kisukari cha muda mrefu mboni inaweza kukataa kabisa kupanuka vizuri. Usihesabu dakika ukiwa umekaa mezani. Mulika tochi uone kama mboni bado inashtuka. Feniledrini ya asilimia 2.5 husaidia, ila uliza kwanza habari ya presha ya damu.

Mboni ikiwa pana na picha bado ni giza, ilinganishe na picha ya mwanga wa infraredi. Infraredi ikitoka safi, yenye mishipa iliyochongeka, lakini ya bluu ikatoka kama usiku, mshukiwa ni lenzi ya jicho. Lenzi huwa ya manjano kadiri mtu anavyozeeka, na mtoto wa jicho wa katikati ya lenzi hufikia rangi ya chai ya rangi. Infraredi inapita humo bila taabu, bluu inafyonzwa. Leza ya kwenye mashine ya Spectralis ni ya nanomita 488, bluu halisi, kwa hiyo inaumia zaidi hapo kuliko leza ya kijani ya mashine ya Optos, ya nanomita 532. Ukiwa na njia ya kijani, itumie. Huna? Piga iliyo bora unayoweza, andika "mtoto wa jicho" kwenye maelezo, basi. Zipo pia lenzi za bandia zenye rangi ya manjano zilizotengenezwa makusudi kuchuja bluu. Mgonjwa atakuambia alishafanyiwa upasuaji, nawe utegemee picha angavu, kumbe lenzi yenyewe inachuja.

Sababu nyingine haiko kwenye orodha za watu wengi. Mgonjwa aliyekaa muda kwenye chumba cha giza ana retina iliyojaa rodopsini, rangi ya seli za kuonea gizani, na rodopsini inafyonza mwanga wa bluu na wa kijani. Picha za kwanza zitakuwa hafifu. Ukiiacha leza ya bluu imulike kwa sekunde 20 au 30, rodopsini inapauka na picha inafunguka mbele ya macho yako bila kugusa kitufe chochote. Wanaopima kiasi cha mng'ao kwa namba hufanya hivyo kila mara kabla ya kurekodi. Wenye kamera ya kupiga kwa mmweko mmoja hawana nafasi hiyo, ndiyo maana kwao picha ya pili au ya tatu mara nyingi huizidi ya kwanza.

Mtoto mdogo naye picha yake ni giza kwa haki: lipofusini bado hajaikusanya. Na wapo wachache ambao giza ndiyo jibu lenyewe. Wenye kasoro ya jeni ya RPE65 huwa karibu hawana mng'ao kabisa, kwa sababu mzunguko wa vitamini A unaozalisha lipofusini kwao umekatika. Ukiona mtoto asiyeona vizuri usiku, mboni pana, lenzi safi, infraredi safi, lakini FAF nyeusi tii, usiipandishe usikivu mpaka picha "ikubali". Iache nyeusi ilivyo, umwite daktari.

Ukungu mweupe umetanda

Asubuhi moja wagonjwa wanne mfululizo walinitokea na ukungu. Nikafuta lenzi. Nikafuta tena. Nikazima mashine na kuiwasha. Wa tano alikuwa bibi mmoja mwenye kanga, na alipoinuka kuondoka nikaona upindo wa kanga aliokuwa akijifutia machozi una madoa ya rangi ya chungwa. Nikamuuliza, "Bibi, umetokea chumba gani?" Akasema kwa yule binti anayepima presha ya jicho. Kumbe siku hiyo ratiba ilikuwa imepinduliwa: wagonjwa wanapimwa presha kwa ncha ile inayogusa konea, inayotaka fluoresini, halafu ndipo wanaletwa kwangu. Machozi yao yote yalikuwa na fluoresini, nami nikiyamulika kwa mwanga wa bluu uleule unaoifanya ing'ae. Dawa ya ganzi na ile ncha navyo huuacha uso wa konea umechafuka kidogo, na kama wamepimwa pembe ya jicho kwa lenzi yenye jeli, ndiyo basi tena.

Tiba yake ni mpangilio wa foleni. Picha kwanza, presha na jeli baadaye. Wakishaguswa, suuza kwa matone ya machozi ya bandia, subiri, na ukubali kwamba haitakuwa picha bora ya siku.

Fluoresini ya sindano ni shida kubwa zaidi. FAF ipigwe kabla ya kudunga, si baada. Nimewahi kuletewa mgonjwa akiwa amekwisha dungwa, naambiwa, "Lakini tulipiga jicho la kulia tu, la kushoto bado safi." Sindano imeingia mkononi, dawa imekwenda macho yote mawili. Uliza kama mkojo umekuwa wa manjano kali tangu jana. Akisema ndiyo, mpe siku nyingine, hasa mwenye matatizo ya figo, ambaye dawa hukaa naye muda mrefu.

Ukungu unaokuja na kuondoka kila mgonjwa anapopepesa ni chozi lililokatika. Mwambie apepese mara mbili tatu, afungue, upige hapohapo. Jicho kavu halisubiri wewe utengeneze fokasi. Tengeneza fokasi kwa infraredi isiyomsumbua, ndipo uhamie kwenye bluu kwa sekunde chache, ukikumbuka kwamba rangi hizi mbili hazikutani mahali pamoja ndani ya jicho, kwa hiyo gurudumu la fokasi litataka kuguswa tena kidogo.

Kamera za fandasi, yaani za kawaida za kupiga nyuma ya jicho, zisizo na tundu la kukata mwanga wa mbele zina ukungu wa aina yao. Lenzi ya jicho nayo inang'aa ikimulikwa kwa bluu, na mng'ao wake unamwagika juu ya picha nzima. Mashine ya leza yenye tundu hilo inautupa mng'ao usiotoka kwenye kina cha retina. Kamera ya kawaida inaupokea wote. Ndiyo sababu tangu mwaka 2003, kwa kazi ya Richard Spaide, kamera hizo zimewekewa filta zilizosogezwa kuelekea kijani na chungwa, mbali na rangi zinazoiwasha lenzi. Kamera yako ikiwa bado inatumia filta za fluoresini kupigia FAF, ukungu huo hauondoki kwa kufuta. Unahitaji filta nyingine.

Sisi wa mwambao tunao na ukungu wa hali ya hewa. Ukitoa kamera ya mkononi kwenye chumba cha kiyoyozi na kwenda nayo kwenye kambi ya macho nje, lenzi inapata umande kama chupa ya soda. Iache ndani ya mkoba uliofungwa mpaka ipate joto la huko, ndipo uifungue.

Doa lilelile kwa kila mtu

Likirudi mahali palepale kwa wagonjwa watatu, limo kwenye mashine. Hata hivyo angalia kwamba vumbi juu ya lenzi ya mbele huonekana kama duara lililofifia, wakati kitu kilicho karibu na kihisio cha picha huonekana na ukingo mkali. La kwanza utalisafisha mwenyewe: puliza kwa mpira wa kupulizia, kisha karatasi ya lenzi yenye kiyeyushi kidogo, ukizunguka kutoka katikati kwenda nje. Si shati, si kanga, si tishu ya mezani. La pili mwachie fundi.

Mwambao una chumvi na unyevu, na kuvu huota ndani ya lenzi kama nyuzi za buibui. Funika kamera kila jioni na weka vifuko vya kukausha unyevu ndani ya kifuniko. Nakiri kwamba hili nilikuja kulichukulia kwa uzito nikiwa nimechelewa, lenzi moja ikiwa imekwisha liwa.

Kasoro za kushika kamera

Giza la mwezi mchanga upande mmoja: kamera haiko katikati ya mboni, isogeze. Giza pembe zote nne: umbali si sahihi au mboni ni ndogo. Mkanda mweusi wa mlalo kwenye picha ya leza: amepepesa, kwa kuwa mashine inasoma mstari kwa mstari. Mshipa uliokatika na kuruka hatua: jicho limetikisika. Vivuli vya nyuzinyuzi chini ya picha pana: nywele za kope, inua kope kwa kijiti cha pamba.

Mishipa miwiliwili inataka maelezo kidogo. Mashine hupiga picha nyingi na kuziunganisha ili kupunguza punjepunje. Picha 16 hupunguza punje mara nne, 100 mara kumi. Tamaa ndiyo inayotuponza. Mzee amechoka, kidevu kimeteleza, paji la uso limeachana na ukanda, nawe bado unataka 100. Chukua 16 zilizotulia. Kwa asiyeona taa ya ndani, mwambie, "Mzee, nyoosha mkono wako mbele, tazama kidole gumba chako kwa jicho lile jingine." Hata asiyeona anajua kidole chake kiko wapi, na macho yanakwenda huko.

Diski ya neva inang'aa

Hapa punguza mwendo. Diski ikiwa na vipande vinavyong'aa kama punje za mchele, hasa pembeni mwake, hizo mara nyingi ni druseni za diski, vijipunje vigumu vilivyojikusanya ndani yake, na FAF ni mojawapo ya njia rahisi za kuzikamata. Zikigunduliwa mapema, mtu anaepushwa na hofu ya uvimbe wa ubongo, kwa sababu diski hiyo kwa macho ya kawaida huonekana imevimba.

Lakini diski nzima ikiwa kijivu cha kufanana, pamoja na makovu meupe na kila kitu cheupe kwenye retina, huo si mng'ao. Ni mwanga wa kumulika unaovuja kupitia filta na kurudi kwenye kamera kama mwangwi. Filta za kumulika na za kuzuia zikianza kuingiliana, kila kinachoakisi mwanga vizuri kitajifanya kinang'aa, na filta huchakaa kwa joto na unyevu.

Nina picha ya jicho la mfanyakazi mwenzangu, kijana asiye na tatizo, ninayoirudia kila mwezi kwa mipangilio ileile. Diski ya mgonjwa ikiwa kijivu, namwita huyo kijana. Diski yake nayo ikiwa kijivu, shida ni filta. Yake ikiwa nyeusi kama kawaida, narudi kwa mgonjwa. Kipimo hiki hakigharimu kitu isipokuwa soda.

Katikati hapako sawa

Katikati pakiwa pameng'aa kwenye picha ya bluu, ile rangi ya manjano imeondoka au imesukumwa. Tundu la makula linang'aa kama sarafu ya duara. Uvimbe wa maji wa makula hutoa umbo la petali. Vyote vinathibitishwa kwa OCT, picha inayoonyesha tabaka za retina kwa kina, usivitangaze kwa FAF pekee.

Mtego uko kwingine. Kwenye picha ya kijani, kitovu cha makula ni angavu kuliko kwenye bluu hata kwa mtu mzima wa afya, kwa kuwa luteini inaifyonza kijani kidogo tu. Mgonjwa akitoka mji mwingine na picha ya kijani, nawe ukapiga ya bluu, utaona katikati "pamezidi kuwa giza" na utamtia mtu hofu bure. Kwa upande wa pili, mwenye tabaka lililokufa karibu na kitovu, bluu haitakuambia kwa hakika kama kitovu kimesalimika, maana giza la kawaida na giza la kufa yamekutana hapo. Tumia kijani au infraredi.

Ya leo hailingani na ya mwaka jana

Kabla ya kusema ugonjwa umekwenda mbele, tazama kama mashine ilikuwa imewashiwa kile kipengele cha kusawazisha weusi na weupe chenyewe. Kikiwa kimewashwa, mashine inavuta kila picha ijaze kijivu chote kinachowezekana, na ung'avu hauna maana tena kati ya picha mbili. Unaweza kulinganisha umbo na ukubwa wa doa, si mwanga wake. Kikizimwa, bado usikivu lazima uwe uleule. Na picha iliyotumwa kwa WhatsApp imeshabanwa; usiitumie kulinganisha chochote, hata kama ndiyo pekee iliyobaki kwenye simu ya ndugu wa mgonjwa.

Mwaka mmoja nilimpiga picha mama mwenye lupasi, anayemeza hidroksiklorokwini, dawa inayoweza kudhuru retina, kwa miaka mingi. Usichanganye na ile klorokwini ya malaria iliyotuwasha mwili utotoni, ambayo Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza mwaka 2001. Ile ilimezwa siku tatu, hii inamezwa kila siku kwa miaka, na mwongozo wa madaktari wa macho wa Marekani wa mwaka 2016 unasema isizidi miligramu 5 kwa siku kwa kila kilo ya uzito halisi. Kuzunguka makula nikaona pete hafifu iliyong'aa. Hisia yangu ya kwanza ilikuwa ukingo wa kivuli, kwa sababu mboni yake haikuwa pana sana.

Nikamwambia, "Mama, tazama juu kidogo." Pete ikapanda pamoja na mishipa. Nikasogeza kamera kushoto, pete haikubadilika. Nikashusha usikivu, picha yote ikafifia, pete ikabaki inaonekana. Jicho la pili nalo lilikuwa nayo, mahali palepale. Nikazihifadhi picha zote mbili bila kusawazisha, nikaandika chini yake, "si kivuli, tafadhali OCT na upimaji wa eneo la kuona leo," nikamsindikiza mwenyewe hadi mlangoni kwa daktari.